Farasi Wawili wa Yokohama, Sarafu Tatu za Nairobi

Historia ya kampuni inayounda michezo ya video huandikwa mara nyingi kama orodha ya kazi zilizotolewa mwaka baada ya mwaka, ilhali jambo linaloamua kama kampuni hiyo itaufikia mchezo wake wa kumi, au itazimika baada ya ule wa kwanza, ni njia inayofuatwa na fedha ya mchezaji tangu mfukoni mwake hadi mkononi mwa fundi aliyeuandika mchezo wenyewe. Mazungumzo haya yanaitazama njia hiyo katika jiji la Nairobi, hasa katikati ya jiji na katika mitaa ya magharibi inayopakana na Ngong Road na Waiyaki Way, kwa kuzilinganisha studio za hapo na kampuni moja ya Kijapani, Namco, ambayo kazi zake zimechezwa katika kumbi za jiji hilo kwa zaidi ya miaka 20. Mchezo wa video unaokusudiwa hapa ni mchezo wowote unaoendeshwa na programu ya tarakilishi na kuonekana kwenye kioo, uwe wa runinga, wa tarakilishi au wa rununu, na ambao vijana wa Nairobi huuita gemu, basi.

Namco haikuanza na vioo. Mwaka 1955 Masaya Nakamura, aliyekuwa amesomea uundaji wa meli lakini akamaliza masomo wakati Japani ingali inajijenga upya baada ya vita na kazi za fani hiyo zikiwa adimu, aliwaweka farasi wawili wa mashine, wa aina ile ya kubembeza watoto, juu ya paa la duka kubwa mjini Yokohama, ambapo mzazi alitia sarafu na mtoto akapanda. Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo kampuni yake iliishi kwa kuunda, kukarabati na kusambaza mashine za burudani, kazi ambayo humfundisha mtu mahali sarafu inapokwama, pembe ya ukumbi inayovuta watu, na sehemu ya mapato ambayo mwenye jengo atairidhia. Mwaka 1974 kampuni hiyo ililinunua tawi la Kijapani la Atari, kampuni ya Marekani iliyotangulia katika michezo ya aina hii. Mwaka 1977 ikajiita rasmi Namco, jina lililofupishwa kutoka jina lake refu la Kiingereza. Na mwaka 1978 ndipo ilipotoa Gee Bee, mchezo wa kwanza wa video uliobuniwa na watu wake wenyewe. Galaxian ulifuata mwaka 1979, na mwaka 1980 ukatoka Pac-Man, ambao mbunifu wake, Toru Iwatani, alikuwa akitafuta mchezo usio wa vita utakaowavuta wasichana na wapenzi katika kumbi zilizojaa wanaume. Alibuni kiumbe cha manjano kisicho na kitu ila mdomo, na jina lake likatokana na paku-paku, sauti ya mdomo unaofunguka na kufungwa, neno ambalo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili angelitambua mara moja kuwa ni tanakali.

Katika mfululizo huo wa tarehe, zile za kati ya 1955 na 1978 ndizo zenye uzito kuliko zote, ingawa hazina hata mchezo mmoja wa video uliobuniwa na kampuni yenyewe. Sanaa ya Iwatani ilipofika ilikuta mashine zimekwisha kusambazwa, mafundi wa kuzikarabati wapo, wenye kumbi wameshazoea kugawana mapato, na sarafu ya yeni 100 imeshajua tundu lake. Mchezo mpya ukianguka, ulibebwa na ile iliyopendwa. Ukipendwa, uligharimia mitatu ya majaribio. Hivyo ndivyo kampuni iliyoanza na farasi wawili ilivyoweza kuvuka miaka mingi ya kubahatisha hadi ikaungana na Bandai, kampuni ya vitu vya kuchezea, mwaka 2005.

Nairobi iliijua Namco kupitia Tekken, mchezo wa mapigano ya watu wawili uliotolewa mwaka 1994 kwa mashine za kumbi na kuhamishiwa PlayStation mwaka uliofuata. Jina lake lina maana ya ngumi ya chuma. Ufundi wake mkubwa uko katika vitufe vinne ambavyo kila kimoja kimepewa kiungo kimoja cha mwili, yaani mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto na mguu wa kulia, kiasi kwamba mtu ambaye hajawahi kushika pad, kama kinavyoitwa kifaa cha kuendeshea mchezo, huelewa ndani ya dakika moja anachokifanya, huku bingwa akihitaji miaka kuzikariri mbinu zote. Katika Tekken 3, uliofika PlayStation mwaka 1998, aliongezwa Eddy Gordo, Mbrazili anayepigana kwa kapoeira, sanaa iliyozaliwa miongoni mwa Waafrika waliotumikishwa utumwani huko Brazili. Na kwa kuwa mapigo yake mengi ni ya miguu, mchezaji mgeni anayebonyeza vitufe viwili vya miguu bila mpango wowote aliweza kumwangusha mtu aliyejifunza kwa wiki nzima, jambo lililozua ugomvi mwingi katika kumbi za kila mji ambako mchezo huo ulifika.

Ukumbi wa gemu wa katikati ya Nairobi, wa aina inayopatikana katika majengo ya kando ya Tom Mboya Street na Moi Avenue, na vilevile katika vibanda vya Kawangware na Kangemi, una umbo lake linalotambulika. Ni chumba kimoja, mara nyingi cha ghorofani, chenye runinga tatu au nne zilizopangwa ukutani, mbele ya kila moja benchi fupi ya watu wawili, na nyuma ya benchi safu ya wanaongoja zamu wakiwa wamesimama na kutoa mawaidha yasiyoombwa. Pad zimefutika alama za msalaba na duara kwa kusuguliwa na vidole gumba, na mpira wa kijiti cha kushoto umekatika, umebaki plastiki tupu. Mhudumu huketi karibu na mlango akiwa na daftari au simu ya kupimia muda. Kwa miaka mingi bei ilikuwa sarafu moja ya shilingi 10 au 20 kwa mchezo mmoja, na sheria isiyoandikwa popote ni kwamba aliyeshindwa huinuka na aliyeshinda hukaa. Jiji lenye shule hiyo isiyo na mwalimu limetoa wachezaji wa kiwango cha kimataifa, akiwamo Sylvia Gathoni, anayejulikana katika mashindano ya Tekken kwa jina la QueenArrow, ambaye alisajiliwa na timu ya nje ya nchi akiwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufika huko.

Kwa hiyo Nairobi ina kila kilichokuwapo juu ya lile paa la Yokohama: ukumbi, mashine, mhudumu, sarafu na mtoto aliye tayari kuitoa. Kinachotofautiana ni mwelekeo wa sarafu hiyo. Ikitoka mkononi mwa mchezaji humlipa mwenye jengo, humlipa muuza umeme, na hurudi Luthuli Avenue, barabara ya maduka ya vifaa vya elektroniki, kununua pad nyingine au kukarabati mashine iliyoungua. Na katika enzi ya PlayStation 2, ambapo diski nyingi za mitaani zilikuwa nakala zisizo na idhini, hata Mjapani aliyeuandika mchezo hakuonja chochote. Mtunzi wa michezo aliyezaliwa Nairobi hakuwa hata na jina katika hesabu hiyo.

Mtunzi huyo alijitokeza mwaka 2007. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa tarakilishi wa pande tatu, yaani wenye urefu, upana na kina, ambamo shujaa wa kike, Nyangi, anasafiri kutafuta vitu vya kale vya Kiafrika. Ili kuupima ugumu wa kazi hiyo ni lazima kueleza injini ya mchezo ni nini: ni programu ya chini kabisa inayokokotoa mwanga unavyoangukia ukuta, jiwe linavyoporomoka, na mguu unavyozuiwa na sakafu usizame, ili mbunifu abaki na kazi ya kusimulia. Leo injini kama Unity, iliyoanza kutolewa bure mwaka 2009, na Unreal, iliyofuata mwaka 2015, hupatikana na kijana yeyote mwenye tarakilishi ya wastani na intaneti. Mwaka 2007 milango hiyo ilikuwa bado haijafunguliwa, wala hapakuwa na studio ya karibu ya kuombea ushauri. Nyangi hakuwa mrembo kama mashujaa wa studio za mamia ya wafanyakazi, na hakuna sababu ya kudai alikuwa. Thamani yake ni kwamba kwa mara ya kwanza jina la msichana wa Kikenya lilisimama mahali ambapo majina yote yalikuwa ya Kijapani, ya Kiingereza au ya kubuniwa huko huko.

Mwezi Machi wa mwaka huohuo wa 2007 Safaricom, kampuni yenye makao yake Westlands, ilizindua M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu ambayo katika muda mfupi iliifanya kila rununu kuwa kibeti. Jiji lilipata mchezo wake mkubwa wa kwanza na sarafu yake isiyo ya chuma katika mwaka mmoja, na vitu hivyo viwili vilikaa jirani kwa miaka bila kujuana. Maduka makubwa ya programu yaliyokuwa yakiibuka, yale ambayo mchezaji hupakulia mchezo moja kwa moja kwenye simu, yalitegemea zaidi kadi za benki, nazo kadi za benki hazikuwa mikononi mwa vijana wa Kawangware wala wa Kangemi. Ndipo kikazuka kitendawili hiki: mtu aliweza kulipia nyanya sokoni kwa simu yake, lakini hakuweza kwa urahisi kulipia mchezo uliomo ndani ya simu hiyohiyo.

Mwezi Machi 2010 ilifunguliwa iHub katika Bishop Magua Centre, jengo lililo kando ya Ngong Road, ikiwa ukumbi wa wazi ambapo waandishi wa programu walipata meza, intaneti na wenzao. Na katika miaka iliyofuata kazi ya kuunda gemu Nairobi ikaacha kuwa ya mtu mmoja chumbani kwake. Mwaka 2011 studio ya Planet Rackus ilitoa Ma3Racer, mchezo wa rununu uliosambazwa kupitia duka la Nokia la Ovi, ambamo mchezaji huendesha matatu na kukwepa watu wanaovuka barabara. Wazo lake ni jepesi, na wepesi huo ndio uhodari wenyewe, kwa kuwa mchezaji hahitaji maelezo yoyote: abiria yeyote wa gari la 46 linalopita Yaya kwenda Kawangware, au la 111 liendalo Ngong, ameshaketi mara nyingi nyuma ya dereva na kuona kwa macho yake namna nafasi ya futi chache kati ya lori na ukingo wa barabara inavyogeuzwa kuwa njia. Studio nyingine za dunia zilikuwa na michezo ya magari ya kifahari katika barabara tupu za milimani. Planet Rackus ilitambua kwamba msongamano wenyewe ni mchezo.

Jina Ma3 linastahili kusimamishwa kidogo. Ni tahajia ya Sheng, lugha ya vijana wa jiji, ambayo humalizia neno matatu kwa tarakimu. Na neno matatu nalo, kama linavyoelezwa kwa kawaida, lilitokana na nauli ya zamani ya sarafu tatu za senti 10. Gari zima, pamoja na utamaduni wake wa rangi, muziki na makanga, liliitwa kwa jina la ada iliyotozwa mlangoni, kwa sababu makanga alikuwapo mlangoni pale kuitoza. Mchezo uliobeba jina hilo haukuwa na makanga. Baada ya simu za Nokia za mtindo wa zamani kuziachia Android nafasi, na duka lao la programu kufungwa mwaka 2015, kazi iliyokuwa imesambazwa kwa njia hiyo ikabaki katika simu zilizolala kwenye droo, na hasara hiyo haihusu biashara pekee, kwa maana picha ya Nairobi ya mwaka 2011 kama ilivyoonwa na vijana wake iko ndani ya faili hizo.

Kirinya naye hakuishia kwa Nyangi. Mwaka 2009 aliungana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Games, iliyojulikana baadaye kama Leti Arts, studio yenye mguu mmoja Accra na mwingine Nairobi, ambayo ilichagua kuunganisha michezo na vitabu vya katuni katika mradi wa Africa's Legends, ikimtwaa Ananse, buibui mjanja wa hadithi za Waakan, na Shaka wa Wazulu kuwa mashujaa wa siku za leo. Uamuzi huo wa kujenga kundi la wahusika watakaorudi katika kazi baada ya kazi unafanana sana na desturi ya Wajapani, ambao huthamini mhusika kuliko mchezo aliozaliwa ndani yake.

Kazi iliyolitia jiji lenyewe kwenye kioo kwa ujasiri zaidi ni Nairobi X, iliyotolewa mwaka 2015 na Black Division Games ya Andrew Kaggia, msanii aliyekwisha kujulikana kwa Wageuzi: Battle 2012, filamu fupi ya katuni ya mwaka 2011 ambamo wanasiasa wa Kenya waligeuka magari na mitambo katika kinyang'anyiro cha kwenda Ikulu. Nairobi X ni mchezo wa kufyatua risasi unaoonwa kwa macho ya mhusika, maana yake kioo huonyesha kile tu ambacho mpiganaji angekiona, pamoja na mikono yake na silaha yake. Mpiganaji huyo anaitwa Otero, na adui ni viumbe kutoka anga za mbali walioivamia Nairobi. Katika mchezo wa namna hii majengo hujengwa kwa poligoni, vipande vidogo bapa vinavyounganishwa kama mabati hadi vifanane na ukuta wa mviringo, na kila poligoni huongeza mzigo kwa simu inayouendesha. Jengo la mikutano la KICC, katikati ya jiji, kazi ya wasanifu Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso iliyokamilika mwaka 1973, lina mnara wa ghorofa 28 na, chini yake, ukumbi wenye paa lenye umbo la pia. Kulichonga kwa poligoni chache zinazobebwa na simu ya bei nafuu, na bado Mkenya alitambue kwa kulitupia jicho mara moja, ni kazi ya mtu anayelipenda jengo hilo. Michezo ya video imeibomoa New York na Tokyo mara nyingi mno. Mji ambao haujawahi kubomolewa katika hadithi haujawahi pia kuokolewa ndani yake, na kijana aliyempeleka Otero kuitetea barabara anayoipita kila asubuhi alipewa kitu ambacho vijana wa miji hiyo mingine wamekizoea tangu utotoni.

Hata hivyo Nairobi X haukuzaa mfululizo wa miaka mingi kama Tekken, ambao ulifika sehemu yake ya nane mwezi Januari 2024. Sababu haikosekani kwa msikilizaji aliyefuata njia ya fedha hadi hapa. Studio isiyolipwa na mchezaji hutafuta wa kuilipa kwingine, na katika Nairobi wenye uwezo huo ni mashirika yenye ujumbe, kampuni zenye bidhaa na wafadhili wenye muda wa mradi. Njia hiyo imetoa kazi nzuri, na kuidharau itakuwa kukosa haki: Afroes, iliyoanzishwa na Mkenya Anne Githuku-Shongwe, ilitoa mchezo wa rununu wa Haki: Chaguo ni Lako kuhimiza amani kuelekea uchaguzi wa 2013, wakati ambapo kumbukumbu ya umwagaji damu wa 2007 na 2008 ilikuwa bado mbichi, na Internet of Elephants, kampuni ya Nairobi iliyoanzishwa na Gautam Shah, ilitoa Wildeverse mwaka 2020, mchezo uliotumia kamera ya simu kuuchanganya msitu wa kubuni na mazingira halisi ya mchezaji ili awafuate nyani wakubwa kama watafiti wanavyowafuata. Jiwe Studios nayo iliunda Usoni, mchezo uliotokana na hadithi ya filamu ya Marc Rigaudis, ambamo Wazungu wa siku zijazo wanakimbia bara lao lililoharibika wakitafuta hifadhi Afrika. Lakini ujumbe wa mfadhili huisha mfadhili anapoondoka, na mafundi waliokwisha kuzoeana hutawanyika kwenda kwenye matangazo, benki na kazi za nje.

Mwaka 2022 studio za nchi kadhaa, zikiwamo Leti Arts na, kutoka Nairobi, Usiku Games na Ludique Works, zilijiunga katika Pan Africa Gaming Group, ambalo limejitahidi pia kuwa na duka lake, Gara, lililokusudiwa kukubali malipo ya simu. Hatua hiyo inalenga mahali penye ugonjwa. Kinachosahaulika hata katika mipango hiyo ni ukumbi, pengine kwa sababu ukumbi huonekana kama biashara ya mtaani ya kupitisha wakati, na wapangaji wa maendeleo ya dijitali hukutana Kilimani na Westlands katika vyumba ambavyo mwenye ukumbi wa Tom Mboya Street haalikwi. Yeye ndiye Nakamura wa jiji hili. Anajua saa ambayo wanafunzi hufika, anajua mchezo gani huwafanya walipe mara ya pili, na anazo runinga nne ambazo hazijawahi kuwekewa mchezo ulioandikwa kilomita tano kutoka hapo, kwa sababu hakuna studio iliyowahi kumwandikia mchezo wa watu wawili, wa dakika tatu, wa kuinuka ukishindwa, na kumwomba wagawane shilingi 20. Ma3Racer na Nairobi X iliandikwa kwa mchezaji aliye peke yake na simu au tarakilishi yake. Ukumbi unataka wapinzani wawili kwenye benchi moja na watu nyuma yao wakipiga kelele.

Njia ya kumlipa fundi kutoka kwenye benchi hiyo imeshachimbwa. Katika kumbi nyingi za leo, kwenye ukuta uleule ulio na karatasi ya bei, imebandikwa nambari ya till ya M-Pesa kwa rangi ya kijani, na vijana huingiza malipo yao humo wakiwa bado wamesimama kwenye foleni, kabla hata ya kuketi na kuchagua nani atakuwa Eddy.